Jicho la Kushoto

Miaka kumi na tisa nimepaka meli
pale Rauma, juu ya jukwaa, roli mkononi,
ubavu wa chuma mrefu kuliko mtaa wetu,
na hakuna aliyewahi kuniambia: Baba, usipumue.

Leo naambiwa.
Meza ya jikoni imetandikwa magazeti.
Juu yake kichwa cha farasi, kichwa tu,
kimeshonwa kwa koti langu kuukuu la sufu,
kikashindiliwa pamba hadi mashavu yakashiba.
Mwili wake ni fimbo ya msonobari.
Miguu yake ni ya Pihla.

"Anaitwa Ukkonen," anasema. Radi, yaani.
Ananigawia kazi kama msimamizi wa zamu:
yeye pua, mimi macho.
Nilidhani pua ni nyeusi tu. Wapi!
Kwanza kijivu, kisha waridi iliyofifia,
kisha kivuli chembamba ukingoni mwa tundu,
na yote hugongwagongwa kwa sponji kavu
rangi izame ndani ya nyuzi.
Chuma huvaa rangi. Kitambaa huinywa.

Brashi nambari sifuri.
Vidole vilivyozoea ndoo ya lita ishirini
vikatetemeka kama vya mwizi wa mara ya kwanza.
Jicho la kulia likakubali: kahawia, mboni,
na tone moja jeupe, hapo ndipo farasi anapoamka.
La kushoto likateleza.
Nikapuliza. Nikafuta. Nikazidisha.
Sasa Ukkonen ana makengeza:
jicho moja linatazama njia,
jingine linanitazama mimi.

Kesho mashindano, ukumbi wa shule,
vizuizi vya sentimita tisini.
Tangu karakana ifungwe mwezi wa Oktoba
nilikuwa sijapata hata kitu cha kuharibu.

Pihla akamwinua, akamgeuza kwenye taa.
Akanyamaza.
Akachukua nyuzi nyekundu, akamshonea shungi,
akalilaza lote upande wa kulia
ili la kushoto lionekane.
"Huyu anaogopa vizuizi kidogo," akasema.
"Itabidi nimwendee polepole."

Usiku nikaamka kunywa maji.
Ukkonen ameegemea jokofu,
hatamu ya utepe wa buluu shingoni,
nyumba nzima inanuka kazi.
Akaniangalia, kwa lile lile.
Nikanyoosha kidole, taratibu, pembeni mwa kope.

Bado mbichi.