Anatokaka Usiku?

Shefu Habamungu hakuja na bunduki.
Alikuja na kalamu ya buluu isiyo na kifuniko,
akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni, akala viazi viwili,
akauliza kama mtu anayeuliza bei ya makaa:
«Mama Kavugho, huyu muzungu wako, anatokaka usiku?»

Nikasema: «Anatokaka.»

Neno moja. Nililisema huku nikigeuza sambaza kwenye mafuta.

Ningeweza kuongeza
kwamba anatoka na taa, na koti la mvua lililotoboka kwapani,
anapiga magoti nyuma ya choo, kwenye ufa wa mawe meusi,
anateremsha mrija, anasubiri, anaandika namba;
kwamba ndiye aliyetueleza kwa nini kuku hulala pale wasiamke,
kwa nini mbwa wa kina Kanyere alikutwa bila jeraha, mdomo wazi.
Mazuku: jina tulilijua sisi. Yeye alijua saa.
Hewa hiyo ni nzito, alisema, hungoja upepo ulale,
kisha hujaza shimo kama maji,
na mtoto ni mfupi.

Hayo sikuyasema. Mafuta yalikuwa yanaungua.

Wakaja saa kumi na moja alfajiri, magari mawili.
Himbi nzima ilifunga mapazia, wenye mapazia.
Wakamtoa na soksi mguu mmoja.
Orodha waliiandika juu ya meza yangu ya kulia:
mirija saba. Betri. Daftari la namba, lugha ya siri.
Mchoro wa uwanja, choo kimewekewa msalaba.
Kijiti chenye kitambaa chekundu, kimeng'olewa nyuma ya nyumba:
alama ya kuelekeza ndege.
Kitambaa kile ni pindo la kitenge changu,
nilikikata mwenyewe, Asifiwe asivuke pale.
«Saini hapa, mama, kwamba vitu vyote ni vyake.»
Nikasaini. Hata kitenge.

Mpelelezi ni neno lenye mikono miwili:
mmoja unatafuta ukweli, mwingine unauuza.
Redio ilishika mmoja tu.

Siku tisa walimweka mahali ambapo sikuuliza.
Nilipeleka bugali na sombe kwenye bakuli la manjano;
bakuli likarudi limeoshwa.
Nani alikula, sijui. Nani aliosha.

Ya kumi, Bariera Kubwa. Wamempa karatasi: asiyetakiwa.
Nami nilikuwa kwenye foleni, na kibali changu cha siku moja na beseni la nyanya,
akapita hatua tatu mbele yangu, ndevu zimeota upande.
Aliniona. Hakunipungia.
Labda alikuwa ananilinda.
Labda walimsomea jalada, akakuta neno langu
limepigwa mstari chini, kwa wino wa buluu.
Tihomir, nilitaka kuita.
Nikaita bei ya nyanya.

Kodi yake ya miezi miwili bado iko ndani ya Biblia,
sijui nimrudishie nani.
Chumba amechukua fundi wa simu kutoka Butembo. Anakoroma.

Lakini ufa haujafukuzwa.
Upepo ukilala, mimi naamka.
Nafunga mshumaa kwenye waya, nauteremsha taratibu
mpaka mwali unazimika bila mtu kuupuliza.
Napima kwa mwili wa Asifiwe:
juzi ilifika kwenye kifundo, jana kwenye goti.
Naandika kwa mkaa ukutani. Daftari naliogopa.

Jana usiku, ng'ambo ya ua, mtu alikohoa,
kikohozi kifupi, cha mtu anayehesabu.
Na leo mchana nimeona kalamu ya buluu ikiingia kwa kina Kanyere.
Ukuta wetu ni mawe tu, hauzuii sauti:
nilisikia kigoda kikivutwa,
nikasikia mafuta yakilia kikaangoni,
nikasimama na ufagio mkononi,
nikingoja jirani ajibu.