Tumbo Laini

Nimembonyeza kulia, nimembonyeza kushoto,
juu ya kitovu, chini ya kitovu.
Tumbo laini, kama unga uliokandwa ukalala.
Naye Bi Mwanaheri wa Langoni
ameuma ncha ya mtandio
asije akawaamsha wagonjwa wenzake.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Tumbo gumu hujisemea lenyewe.
Hili limenyamaza, na mwenyewe anakatika roho.

"Vidonda," inasema kadi ya Machi.
"Vidonda," ya Mei.
"Minyoo," ya Juni, kwa mwandiko wangu.
Jirani alisema chango, shangazi akasema jicho,
mkwewe akasema ni deko tu.
Gauni likazidi kumpwaya,
yeye aokaye mikate ya mofa ya mtaa mzima.

Swali nililopaswa kuuliza Juni
nauliza leo, saa nane ya usiku:
ukila, Bi Mwanaheri, huwaje?

"Sili, mwanangu. Nikitia matonge mawili,
sijamaliza kuosha sahani, lishanishika.
Njaa ninayo.
Chakula ndicho nikiogopacho."

Nikamshika kifundo cha mkono.
Moyo unatembea kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja:
hatua, hatua, kimya,
hatua tatu mbiombio, kimya.

Tuliokulia hapa twalijua bomba la kutoka Shela.
Birika zima, kuta nzima, chokaa haina ufa,
pitisha kiganja popote, huoni kasoro,
ila maji hayaji.
Utumbo nao ni mtaa, una mfereji wake.
Tone la damu lililoganda moyoni,
dogo kama mbegu ya papai,
lashuka, lakaa penye njia panda,
na nyumba zote za mbele zinakauka
milango ikiwa wazi.

Napiga simu Mombasa.
"Una picha gani?" daktari ananiuliza.
Eksirei haikuonyesha kitu.
Picha ya mishipa sina, wala mashine yake.
Nina tumbo laini na mtu anayelia.
Nina mapigo yasiyofuatana.
Ananyamaza. Namsikia akivaa viatu.
"Mlete sasa. Usingoje kuche."

Naandika barua ya rufaa, saa na dakika.
Chini kabisa, pasipo kuulizwa, naongeza:
kadi ya Juni ni yangu.

Boti ya Mokowe imewashwa.
Wanamwinua na shuka lake,
naye ananivuta mkono wa koti,
ataka kujua
nani atakayewasha tanuri alfajiri.