Niazime Mkono

Ilianzia sabini.
Si sitini na tano, si themanini: sabini,
pale barabara inapoliacha daraja la Lentekhi na kunyooka kidogo.
Niva ikashikwa na homa,
kioo cha ndani kikawafanya ng'ombe wa nyuma yetu kuwa mapacha,
kopo la misumari likaanza kusema chini ya kiti.

"Tairi," akasema jirani yetu Bezhani,
ambaye hata figo zikimuuma hulaumu tairi.
Tukahamisha za mbele nyuma, za nyuma mbele.
Sabini. Homa ileile.

Fundi wa bonde hili ni mume wangu.
Miaka ishirini na sita katika gereji ya shamba la ushirika
Jansughi aliweka kiganja juu ya giaboksi,
akafumba macho, akakwambia beringi ipi imechoka
na nani aliyeichosha.
Sasa kiganja kina mtetemo wake chenyewe.
Daktari wa Kutaisi aliupa jina refu na vidonge vya manjano.
Akigusa chuma siku hizi
hajui ni nani anayetetemeka.

"Mzevinari," akaniita kutoka uani, "niazime mkono."

Mimi ni mtu wa jibini.
Mkono wangu unajua saa ya maziwa kuganda,
unajua ndama amegeukia wapi tumboni;
chuma sijawahi kukisalimia.
Lakini nilivaa koti lake, nikashika usukani.

"Fika sabini. Sasa toa gia, iache iserereke."
Injini ikashuka hadi karibu kulala; homa haikupungua.
"Basi injini haina kesi, wala klachi.
Simama. Kanyaga mafuta papo hapo, mpaka sauti iwe ileile."
Mwili wa gari, kimya.
"Umeona? Kinachougua ni kile kinachozunguka na barabara."
Alisema kwa furaha, kama aliyekutana sokoni
na mtu waliyesoma naye darasa la kwanza.

Tukaipandisha juu ya magogo, magurudumu yote manne hewani.
Nikalala chali juu ya gunia, tope la Machi likinipenya mgongoni,
yeye amechuchumaa na tochi, na mwanga wake
ukirukaruka kama panya aliyekosa tundu.
"Shika propela. Itikise. Krosi inacheza?"
Haichezi.
"Tafuta alama mbili za patasi,
moja kwenye shafti, moja kwenye uma wake. Zinatazamana?"

Nilifuta grisi kwa kidole gumba. Nikaziona.
Moja ilitazama mlima, nyingine ilitazama mto.
Nikakumbuka vuli, usiku ule
alipobadilisha krosi peke yake, mlango ameufunga kwa ndani,
akatoka alfajiri vidole vikivuja damu, akasema kazi imekwisha.

Nikakawia kujibu.
Tochi ikazimwa.
"Hazitazamani," akasema. Hakuwa anauliza.

Tulifungua. Nati nne, spana kumi na tatu,
mimi nikizungusha, yeye akihesabu.
Kisha transfa: akaniamuru nilegeze nati zake,
akawasha injini, akaingiza gia ya nne,
gari likakimbia bila kwenda,
na mimi kiganja ubavuni mwa kile chuma.
"Isogeze kushoto. Unywele tu. Unasikia nini?"
Nilisikia siagi kabla haijashika.
"Bado."
Unywele mwingine.
Halafu kikaja kile kimya kizito,
cha maziwa yanapoamua.
"Hapo!" nikapiga kelele. "Kaza! Kaza!"
nikisahau kwamba wa kukaza ni mimi.

Kesho yake tukaliacha daraja. Sabini.
Kopo la misumari halikuwa na la kusema.
Mkono wake ulikaa juu ya dashibodi
ukitetemeka peke yake, na safari hii
hakuuficha mfukoni.

Nilipogusa tisini, nyuma kukaanza mnung'uniko mwingine,
mwembamba, wa nzi ndani ya chupa.
"Hiyo difu," akasema Jansughi, macho yakimwaka.
"Ngoja theluji iyeyuke."