Milango Kumi na Mmoja

Kwenye kasha waliandika: mji mkuu usio na mwisho.
Nikaliamini kasha.
Mpwa wangu Eliapenda aliliazima gemu Bondeni, kwa Kiwelu wa simu,
akaniachia na pedi yenye kitufe kimoja kinachonata.

Siku tatu, baada ya kazi, nilipanda farasi kuelekea huko.
Kila kilima nilichokivuka, minara ilirefuka,
kengele zilisikika kwa mbali,
na wapita njia wakanionya: ukifika mjini, angalia usipotee.
Nilitamani sana kupotea.

Nikavuka lango. Nikahesabu.
Sekunde mia moja na arobaini, lango hadi lango,
kwa kutembea, si kwa kukimbia.
Nikarudi, nikahesabu tena, labda nimeruka mtaa.
Hapakuwa na mtaa.
Soko ni meza nne na samaki mmoja asiyeoza.
Watu thelathini na wawili, pamoja na mlinzi aliyelala,
katika mji unaosifiwa kwamba uliangusha falme mbili.
Milango niliigonga yote. Iliyofunguka, kumi na mmoja.
Mingine imechorwa tu ukutani,
kama saa ya wino ambayo mtoto wa shule hujichorea mkononi.

Sasa nikuulize, Eliapenda.
Mimi nasoma mita za maji.
Jana nimeanzia Pasua, kwenye kona ya fundi baiskeli,
na saa nane mchana sijamaliza hata mtaa mmoja:
nyumba yenye mbwa mkali,
nyumba ambayo mbwa alishakufa ila kibao chake bado kinabweka,
mita iliyofukiwa chini ya migomba,
mita ambayo Mama Aikande huifunika karai kila akisikia pikipiki yangu,
ua lenye wapangaji saba na bili moja, na ugomvi wake.
Na Pasua si Moshi yote. Bado Njoro, bado Kiusa,
bado Majengo, Soweto, Rau.
Na Moshi yenyewe, mgeni wa Dar akija huuliza:
mji uko wapi, au ndio ule tumeshaupita?

Kijiji kidogo hakina kosa. Kinakwambia, mimi ni huu tu, karibu.
Kilichoniuma ni ile minara.
Halafu, wanakunywa nini wale watu?
Nilizunguka nyuma ya nyumba zao nikitafuta bomba,
kisima, mtaro, hata tope.
Nilikuta ndoo moja. Haiinuki.

Kulikuwa na muuza mikate. Nikamkaribia.
Karibu mgeni, mkate wa leo.
Nikabonyeza tena. Karibu mgeni, mkate wa leo.
Mara kumi na mbili, sauti ileile, kichwa kikiinama palepale.
Nikamwita Eliapenda aje aone upuuzi, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Leo Jumanne, geti la bluu, kwa Bi Ndealilia.
Hodi, maji!
Nikasikia mtoto ndani akimwambia mwenzake,
si mtu, ni yule hodi-maji,
kisha akaniigiza, na kikohozi changu, na jinsi ninavyoinama.
Wakacheka sana.

Miaka tisa. Mara mia na nane nimeinama kwenye kona ile ya ua.
Namba za mita yake nazisoma hata gizani.
Sebule yake ina rangi gani, sijui.

Nilipokuwa narudi, pikipiki ikipanda taratibu kuelekea Mnara wa Saa,
nilianza kuhesabu milango ya Moshi
ambayo nimewahi kuipita, nikavua viatu, nikaketi, nikala.
Nikafika tisa.
Nikaongeza na kwetu, kumi.
Kwa Kiwelu nilisimama kizingitini tu,
chai nikainywea hapohapo, kofia ngumu kichwani.
Sijui kama ule unahesabika.