Daftari la Wageni

Jina: Elineema Kisanga. Anatoka: Kitunda.
Anakwenda: ghorofa ya tisa.
Sababu (mlinzi Magesa aliniwekea kidole hapo)
nikaandika: usaili.
"Wa nne leo," akasema. "Lifti inaishia ya saba. Malizia kwa miguu."

Nikafika na jasho la Makumbusho mgongoni,
viatu vya kaka yangu, namba moja zaidi.
Wawili walikuwa mezani, wa tatu ukutani,
ndani ya skrini, mdomo wake ukitangulia sauti.

"Tuchoree mti."
Mti wao mzizi uko juu, matawi yanashuka,
majani yapo chini kabisa, hayana kivuli.
"Sasa ugeuze. Kulia kuwe kushoto. Dakika ishirini."

Haki ya Mungu, nilikuwa naujua.
Usiku wa jana niliugeuza mara tisa kwa bando la buku,
mpaka mama akauliza, mwanangu, unahesabu nini usingizini?
Lakini kalamu ilikuwa imekauka.
Niliandika, ubao ukabaki mweupe.
Na yule wa ukutani: "Fikiri kwa sauti, tafadhali."

Nani hufikiri kwa sauti?
Kwetu anayesema peke yake hupelekwa kuombewa.

Hawakuuliza kuhusu kisima.
Kisima cha Mama Nasra, kaya mia na arobaini,
kila ndoo ina namba, kila deni lina tarehe,
programu niliyoiandika kwa laptopu isiyo na herufi L
(naidokoa kwingine, naibandika, L moja moja).
Miaka miwili haijalala ila umeme ukikatika,
na ukirudi huamka yenyewe, ikauliza: tuliishia wapi?

Dakika ya kumi na nane mkono ukakumbuka.
Tawi la kwanza likahama. La pili.
"Muda," akasema Mwanaidi, kwa upole wa daktari wa meno.
"Tutakujulisha."

Neno hilo ninalo akiba:
tutakujulisha ya Mikocheni, ya Masaki yenye maji ya chupa,
na moja iliyokuja na jina la mwingine:
Ndugu Fulgence, tunasikitika.
Nikamsikitikia Fulgence.

Chini, Magesa akafungua daftari.
Muda wa kutoka: saa tano na dakika saba.
"Simu yangu imejaa," akasema, "haipokei hata picha ya mtoto."
Nikaketi kwenye kiti chake cha plastiki,
nikafuta, nikahamisha, nikifikiri kwa sauti,
naye akiitikia:
"Ehee. Ehee. Kisha?"