Senti za Lifti

Mizani yangu ya jikoni inakomea kilo tano,
basi nimelipima shanta vipande vipande,
kama bucha apimavyo ng'ombe:
hema, mbili na robo;
sufuria ya chuma ya marehemu mama, moja u nusu
(najua, najua);
taulo zito kama mbwa aliyelowa;
mwavuli; pasi ndogo ya safari.
Pasi!
Nani atakayenikagua mikunjo
kwenye barafu ya Adishi?

Jumla, kilo kumi na tisa.
Tekle, binti wa kaka yangu, aliyenitia wazimu huu,
alicheka hadi akakaa sakafuni.
"Shangazi, unatembea au unahama?"
Kisha akatoa amri: mwezi mzima
panda ngazi za jengo na mzigo mgongoni,
shuka, panda tena.

Hapa kwetu Kutaisi lifti hula sarafu,
tetri ishirini kila safari,
nami kwa miaka thelathini na mmoja
sikuwahi kuilaza njaa.

Siku ya kwanza nilibeba mchele na madaftari ya kodi.
Ghorofa ya nne moyo ukabisha hodi
kwa nguvu za mwenye nyumba asiyelipwa.
Gurami akachungulia mlangoni:
"Tsiuri, wamekufukuza?"
"Najifunza kutembea," nikasema,
mtu mzima wa miaka hamsini na sita, nikihema.

Habari za jengo letu hazingoji lifti.
Kesho yake nilikuta gunia la viazi kizingitini
na kijikaratasi: *Maadamu unapanda bure,
ghorofa ya saba, tafadhali. Maro.*
Vikafuata chakula cha paka,
mitungi ya matango ya siki,
betri ya gari; sikuuliza.
Mzigo wa mwenzio, walisema, ni kanda la usufi.
Viazi vya Maro havikuisikia methali hiyo.

Lakini mgongo una darasa lake.
Ulinifunza kizito kikae karibu na uti,
maji yakae mkono unapofika,
koti la mvua liwe juu ya vyote,
maana mvua haina subira ya mtu anayepekua.
Kisigino nacho kilinifunza buti mpya,
lengelenge moja kwa kila somo.

Ghorofa ya tisa anakaa Nargiza, Msvani,
hajashuka tangu baridi ya mwaka juzi.
Wiki tatu nilimwachia mkate mlangoni.
Alhamisi akanivuta ndani kwa mkono.
"Njia gani?"
"Mestia hadi Ushguli. Siku nne."
Akafumba macho, akaipita yote, nikamngoja.
"Mto wa Adishi uvuke alfajiri.
Usiku barafu hulala, na mto hulala nayo.
Saa nane mchana umeshaota meno.
Mbwa wa wachungaji usiwakimbie:
inama, kana kwamba unaokota jiwe."
Kisha akachomoa mwavuli wangu kwenye shanta,
akauegemeza nyuma ya mlango wake.
"Huu, upepo wa kule utaula."
Hakunirudishia.

Leo ni kilo kumi na moja na gramu mia mbili.
Pasi nimemwazima Maro.
Sufuria imebaki jikoni, imenuna.
Kwenye kiganja nimeandika kwa kalamu: *alfajiri*,
na jasho limeshaanza kuifuta.

Chini Tekle anapiga honi.
Lifti imefika, imeachama,
na sarafu ninayo mkononi.
Nimesimama hapo kitambo kirefu
kuliko jambo lenyewe linavyostahili,
hadi milango ikachoka, ikajifunga.

Nikashuka kwa miguu.
Ghorofa ya nne Gurami yuko kizingitini,
nywele hazijachanwa,
ameshika mkate wa jibini unaofuka moshi,
mkubwa kama usukani,
na haujapimwa.