Dhiraa

Waliokuja kupima walivua viatu mlangoni.
Vaeni, nikawaambia, sakafu ina misumari
iliyochomoza kwenye mabenchi tangu mvua za mwaka juzi.
Wakavuta tepu yao ya chuma, ikalia kama nyenje.

Ukuta wa kaskazini: wakaandika.
Ukuta wa kusini: wakapima, wakatazamana,
wakapima tena.
Yule mdogo akasema, "Mama Nyevu, hapa pana kosa.
Umepungua kama shubiri mbili."

Sikumjibu. Nilikuwa nafuta beseni la ubatizo,
ambalo si beseni, ni kombe,
gamba moja la mnyama wa mwambani,
zito hata wanaume wanne walilining'iniza mtini
wakalibeba toka Malindi, wakibadilishana mabega.
Nilibatizwa humo. Maji yakitulia
unaona mabati ya juu yanatetemeka.

Wakaandika mimbari. Maua yake ni yale yale
ya milango ya Lamu: Fundi Shee Bwanaheri
alilipwa mahindi, akachonga alivyojua kuchonga,
na pale walipotaka msalaba
akaacha ubao mtupu, akaupiga msasa, akasema,
"Huu wenu chongeni wenyewe."
Hakuna aliyethubutu.
Kila mhubiri hupapasa hapo akipotewa na neno.

Kengele wakaiandika: kipande cha reli,
kwetu huku ambako treni haijapita.
Na kinanda. Mchwa wamekula sauti nene,
zimebaki nyembamba, basi nyimbo tunazianzia juu
na wanaume hukohoa.
Boriti za mikoko sikuwaacha wahesabu.
Thelathini na moja.
Mahubiri yetu ni marefu.

Ndipo nikamwambia yule mdogo:
walijenga kwa mkono wa Mwaringa,
kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Mtu mrefu, aliezeka jiko la mkwewe bila ngazi.
Kaskazini ilipokwisha, homa ikamchukua.
Yuko pale nje, chini ya mkanju.
Wakachukua mkono wa Changawa, babu wa mama yangu,
mfupi, mwenye haraka.
Dhiraa ishirini na nne huku,
dhiraa ishirini na nne kule.
Hesabu haikukosea, mwanangu.
Mkono ndio uliobadilika.

Akachomeka penseli sikioni.
"Sasa niandike nini?"
Andika kosa, kama karatasi yako ndiyo inayotaka.

Walipoondoka nilifunga madirisha, popo wakaanza zamu yao.
Nikaenda kona ya kusini, nikalaza mkono ukutani,
kiwiko, kidole, kiwiko, kidole,
nikipitia nyuma ya benchi la wajane,
chini ya taa ya karabai isiyo na utambi,
kumi na tisa, ishirini,
nikisimama kidogo kwa sababu ya mgongo.

Ya ishirini na nne, kidole kikagusa pembe.

Nikafunga mlango kwa ufunguo.
Kiwiko cheupe, chokaa tupu.